Mtoto wa Jirani Analia: Ninyamaze au Niseme?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, vumbi la mawe, maji ya kuchemsha na chandarua. Leo tunazungumza juu ya hatari nyingine. Haiko chini ya ardhi wala kiwandani. Iko nyuma ya ukuta wa jirani, nayo ni mateso ya mtoto.

Pale dispansari watu hutuuliza swali hili kwa sauti ya chini, mara nyingi wakiwa wamekwisha kupokea dawa yao na wamefika mlangoni: "Munganga, kuna mtoto pale kwetu, anapigwa vibaya. Si wangu. Nifanye nini?" Mwenye kuuliza anaogopa kunyamaza, kwani moyo unamsuta. Anaogopa pia kusema, kwani jirani ni jirani: leo ameazima chumvi kwake, kesho watashuka pamoja katika galeri. Basi tulitazame swali hili pande zote, tuone namna ya kulijibu.

JIRANI NDIYE ANAYESIKIA KWANZA

Hapa Bunia, iwe Mudzipela, Bankoko, Saio au Lumumba, nyumba zimekaribiana. Katika kambi za wafanyakazi mara nyingi ukuta mmoja unagawa nyumba mbili. Mtoto akilia saa nne za usiku, polisi hamsikii. Hakimu hamsikii. Munganga hamsikii. Wewe unamsikia.

Tena Ituri yetu ina watoto wengi wasiokaa na baba na mama yao. Vita vya mwaka 1999 mpaka 2003, na mapigano yaliyorudi tangu mwisho wa mwaka 2017, yameacha mayatima wengi, na wengine wametengwa na wazazi wao njiani wakati wa kukimbia. Watoto hao wamepokewa na mjomba, shangazi, baba mdogo, mama mkubwa au rafiki wa marehemu. Ni desturi yetu nzuri, na nyumba nyingi zinawalea vema kabisa. Lakini tuseme kweli: mtoto aliyepokewa akianza kuteswa, hana mama wa kusimama katikati na kusema "basi, inatosha". Ndiyo maana jicho la jirani lina thamani kubwa kwake.

Wazee walisema: mkono mmoja haulei mwana. Methali hii si ya siku ya ubatizo na arusi tu. Ni ya usiku ule pia ambapo mtoto analia na wewe unavuta blanketi juu ya masikio.

KUFUNDISHA ADABU NA KUTESA SI KITU KIMOJA

Wengi hujibu: "Kila mzazi ana haki ya kumfundisha mtoto wake." Ni kweli. Mtoto asiyefundishwa ni hasara kwake na kwetu sote. Lakini sheria ya inchi yetu imeweka mpaka. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inasema mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18, na kwamba adabu inayotolewa nyumbani na masomoni lazima imheshimu mtoto kama binadamu. Katiba ya mwaka 2006, katika sehemu yake ya 41, inakataza kutupa mtoto na kumtendea vibaya. Inaagiza Leta kuwapeleka mbele ya sheria wanaotenda jeuri juu ya mtoto, pamoja na wanaowasaidia.

Utatambuaje mpaka umevukwa? Jiulize maswali haya manne:

1. Adhabu inamfundisha nini? Mtoto aliyevunja sahani akaambiwa aokote vipande na kuosha vyombo, amefundishwa. Mtoto aliyevunja sahani akachomwa mkono hakufundishwa kitu ila woga.

2. Inaacha alama? Damu, kidonda, uvimbe, mfupa uliovunjika: hayo si adabu tena, ni ugonjwa tunaopaswa kuutibu.

3. Inamnyima kile kinachomweka hai? Chakula, maji, usingizi, dawa, mahali pa kulala penye joto.

4. Ni yeye peke yake? Watoto watano wako nyumbani. Wanne wanakwenda masomo na kula mezani, wa tano anateka maji, anaponda mawe ya dhahabu mchana kutwa, na anakula makoko ya sufuria. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020 masomo ya msingi ya Leta hayalipiwi tena. Basi neno "hatuna pesa ya kumsomesha huyu" halitoshi kueleza mambo yote.

ALAMA ZA KUTAZAMA, NA ALAMA ZA KUTUDANGANYA

Mimi kazi yangu ni mwili, basi niwaelezeni namna mwili wa mtoto unavyosema. Tujue kwanza kwamba mtoto mwenye afya huanguka kila siku. Akiwa na michubuko juu ya magoti, miguu ya mbele, viwiko na paji la uso, usifanye haraka kumshuku mtu. Hapo ndipo mifupa inapogusa ardhi mtoto anapokimbia.

Alama zinazotupa wasiwasi ni hizi:

— Michubuko ya masikio, mashavu, shingo, tumbo, mgongo, makalio, na mapaja kwa ndani. Mtoto haangukii masikio yote mawili.

— Mistari miwili iliyo sambamba, au alama iliyopinda kama kitanzi. Hiyo ni kamba, waya au mshipi.

— Alama ya kuchomeka yenye mpaka ulionyooka, kama soksi mguuni au glavu mkononi. Mtoto akijimwagia maji moto mwenyewe, maji huruka ovyo na kuacha madoa huku na huku. Mpaka ulionyooka unaonyesha kwamba mguu au mkono ulizamishwa ukashikwa humo.

— Mchubuko wowote au mfupa uliovunjika kwa mtoto mchanga ambaye bado hajatambaa. Mtoto wa namna hiyo hawezi kujiumiza mwenyewe. Apelekwe hospitali siku ile ile.

— Vidonda vya zamani na vipya pamoja, na maelezo yanayobadilika: jana alianguka mtini, leo aligombana na wenzake.

Tena tazama mwenendo. Mtoto anayekawia kurudi nyumbani hata jua likizama. Anayeficha mkate ndani ya nguo. Anayejikunja mtu mzima akiinua mkono hata kwa kujikuna. Aliyekuwa amekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena. Aliyekuwa na maneno mengi akawa bubu. Alama moja peke yake haionyeshi kitu. Zikiwa tatu au ine pamoja, fungua macho.

Sasa zitazame alama zinazotudanganya, ili tusimshitaki mtu bure. Watoto wetu wengi huzaliwa na baka la rangi ya bluu chini ya mgongo au juu ya makalio. Si pigo, haliumi, na hutoweka lenyewe mtoto anapokua. Chanjo za kienyeji kifuani au tumboni ni mikato midogo iliyopangwa kwa mstari. Hatuzipendi kwa sababu ya wembe mchafu, lakini haimaanishi mzazi anamchukia mtoto. Upele wa kuwasha huacha vidonda vya kujikuna kati ya vidole, juu ya vifundo vya mikono na kiunoni. Huwasha zaidi usiku, na mara nyingi wengine nyumbani wanajikuna vilevile. Na mtoto mwenye miguu iliyovimba na nywele zilizogeuka nyekundu ana utapiamlo. Huenda sababu ni umaskini, au alitoka surua, au familia imekimbia vita. Hapo nyumba nzima inahitaji msaada, si mashitaka. Lakini akiwa yeye peke yake amevimba, na wengine wamenona, hilo ni jambo lingine.

MTOTO ANAYEITWA MCHAWI

Neno hili tuliseme wazi, kwani linaua. Baba amefukuzwa kazi, au mtoto mchanga amekufa kwa malaria, au mashine ya kusaga imeharibika, na mtu fulani ananyosha kidole: "Ni huyu, anakula watu usiku." Na karibu kila mara kidole kinaelekea kwa yatima, mtoto wa kambo, mtoto mgonjwa au mtoto mkaidi.

Sikilizeni. Mtoto anayeanguka na kutoa povu huenda ana kifafa, na kifafa kina dawa. Kukojoa kitandani ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo, na wengine huendelea hata wakiwa na miaka saba au zaidi. Mtoto anayepiga kelele au kutembea akiwa usingizini, ubongo wake umeamka nusu, hakuwa safarini. Mtoto mwenye tumbo kubwa anayekula asinenepe, mara nyingi ana minyoo. Mleteni dispansari.

Kumtia mtoto pilipili machoni, kumnywesha petroli, kumfunga kamba, kumnyima chakula siku nyingi "ili pepo atoke" ni hatari ya kifo, hata kama anayefanya hivyo amevaa kanzu nyeupe na ameshika kitabu kitakatifu. Katiba yetu imeandika wazi kwamba kumshitaki mtoto kuwa ni mchawi kunakatazwa, na sheria ya mwaka 2009 inatoa adhabu ya kifungo. Ukisikia mtoto wa jirani ameitwa mchawi, usingoje kuona alama mwilini. Neno lenyewe ndilo alama.

SABABU ZINAZOTUFUNGA MIDOMO

"Sina hakika." Hii ndiyo sababu kubwa, nayo ni ya mtu mwenye akili, si ya mtu mbaya. Lakini kumbuka tunavyofanya kazini. Ukisikia miti inayotegemeza dari la galeri inalia, unamwambia kapita mara moja. Hungoji dari lianguke ili uwe na hakika. Kapita anakuja na taa, anapima, anaamua. Ikiwa ni bure, hakuna anayekucheka. Vilevile kwa mtoto: kazi yako ni kusema ulichoona na kusikia. Kazi ya kuchunguza ni ya wengine, na kazi ya kuhukumu ni ya hakimu.

"Ni mambo ya nyumba ya watu." Moto ukiwaka katika nyumba ya watu, unangoja ruhusa ya kuleta maji?

"Si wa kabila langu, watasema ni uadui." Hapa kwetu Ituri sababu hii si ndogo. Tumezika watu wengi kwa ajili yake. Basi fanya hivi: tafuta mtu wa pili aliyeona, na ikiwezekana awe wa kabila la nyumba ile, mwende pamoja. Sema juu ya mtoto tu. Usiguse kabila, deni wala mpaka wa shamba. Na ukiona ndani ya moyo wako kwamba unataka kusema ili kulipiza kisasi, mwachie mwingine aseme. Tukumbuke pia kwamba hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ile ya tarehe 14 Machi 2012, ilikuwa juu ya watoto wa hapa Ituri, wenye miaka chini ya 15, waliotiwa bunduki mikononi mwaka 2002 na 2003. Ulimwengu mzima ulisikia habari za watoto wetu. Itakuwa aibu tukikataa kusikia yule anayelia mita tatu kutoka kitanda chetu.

"Papa yule atapoteza kazi." Mara nyingi mambo yakisemwa mapema, yanamalizika kwa mashauri, kwa kumhamisha mtoto kwa ndugu mwingine, au kwa kumtibu mzazi anayelewa pombe. Yakikawia, yanamalizika gerezani na makaburini. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Rafiki wa kweli wa papa huyo ni yule anayemzuia kabla hajaua.

"Wakijua ni mimi, watamtesa zaidi." Hofu hii ni ya haki. Ndiyo maana namna ya kusema ni muhimu sana, kama tutakavyoona. Lakini kwanza sikilizeni kisa kimoja.

KISA CHA VICTORIA

Msidhani mambo haya ni ya Afrika tu, au ya maskini tu. Mtoto Victoria Climbié alizaliwa Côte d'Ivoire, karibu na Abidjan. Shangazi ya baba yake aliwaambia wazazi: "Nipeni mtoto, nitamsomesha Ulaya." Wazazi walikubali, kama wengi wetu tungalikubali. Mwaka 1999 mwanamke huyo alifika naye London.

Mwezi wa Juni 1999 mama mmoja, mkwe katika ukoo ule, aliona kovu usoni mwa mtoto, akapiga simu katika ofisi ya mambo ya jamii. Alisema! Lakini wafanyakazi walikawia, na walipofika nyumbani hawakukuta mtu. Mwezi wa Julai, mwanamke aliyekuwa akimtunza Victoria wakati wa mchana aliona vidonda vyake, na binti yake akampeleka hospitali. Naye alifanya vema. Lakini munganga mkubwa wa watoto alisema alama zile ni za upele wa kuwasha tu, na mtoto akarudishwa kwa yule yule. Siku chache baadaye Victoria alirudi hospitali, safari hii ameungua kichwa na uso kwa maji moto. Walieleza kwamba alijimwagia maji mwenyewe kwa sababu ya kuwashwa. Alilazwa, akapona, akarudishwa tena. Mwishoni alikuwa akilazwa ndani ya beseni la kuogea, katika baridi, amefungwa. Mchungaji aliyeombwa msaada alidhani ana pepo. Victoria alikufa tarehe 25 Februari 2000, mwenye miaka minane. Waliopima maiti yake walihesabu majeraha 128. Shangazi na mwanamume aliyekaa naye walipewa kifungo cha maisha mwaka 2001.

Serikali ya Uingereza iliagiza uchunguzi, ukaongozwa na Bwana Laming. Ripoti yake ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba zilikuwako nafasi 12 za kumwokoa mtoto, zote zikapita. Mwaka 2004 inchi ile ikatunga sheria mpya ya watoto.

Tunajifunza nini? Kwanza: watu wadogo, mkwe na mlezi wa mchana, waliona vizuri kuliko wakubwa. Usidharau jicho lako kwa sababu huna diploma. Pili: kusema mara moja hakutoshi. Ofisi zinasahau, karatasi zinapotea, hata munganga anakosea. Ukisema leo, na baada ya siku chache mtoto bado analia, sema tena, na useme mahali pengine. Tatu: pale London kulikuwa na simu, motokari na ofisi nyingi, na bado mtoto alipotea. Sisi tusio na hayo yote tunategemea zaidi majirani.

BASI, UFANYE NINI?

1. Weka akilini, au andika. Siku gani, saa gani, uliona nini kwa macho yako, ulisikia nini kwa masikio yako. "Jumatatu saa tatu usiku nilisikia fimbo na mtoto akisema msiniue. Jumanne niliona mkono wake umevimba." Maneno ya namna hii yana nguvu. Kusema "wote wanajua papa yule ni mbaya" hakusaidii mtu.

2. Kama hatari si ya leo leo, na unamfahamu mzazi, anza kwa upole. Usianze na lawama. Mama anaweza kumwambia mama mwenzake kisimani: "Dada, naona siku hizi umechoka sana, na mtoto wa marehemu anakusumbua. Mlete acheze na wangu mchana, nawe upumzike." Au: "Mkono wake umevimba; twende naye dispansari, nitakusindikiza." Nyumba nyingi zimepona kwa maneno mawili ya namna hiyo, kwani mtesaji mwingine ni mtu aliyezidiwa na hana wa kumwambia.

3. Mwonyeshe mtoto kwamba kuna mlango ulio wazi. Sahani ya sombe, nafasi ya kukaa. Usimhoji kama askari. Akikuambia jambo, msikilize, mwambie hana kosa, wala usimwahidi kwamba utaficha siri. Mwambie utatafuta mtu wa kusaidia.

4. Mambo yakiendelea, nenda kwa mwenye kazi hiyo. Dispansari ya kampuni au kituo cha afya cha kartie: sisi tunaweza kumpima mtoto na kuandika tulichokiona. Shefu wa avenyu au shefu wa kartie. Mwalimu wake. Ofisi ya Leta ya Mambo ya Jamii, ambayo kazi yake ni kuchunguza hali ya nyumba na kutafuta mahali pema kwa mtoto, kwanza katika ukoo wake mwenyewe. Polisi wana kikosi maalum cha kulinda watoto na wanawake. Juu yao kuna parke, na Tribinali ya Watoto iliyowekwa na sheria ya mwaka 2009. Omba jina lako lisitajwe mbele ya jirani, na usiende peke yako.

5. Kuna mambo ambayo hayangoji upole. Mtoto amechomwa moto, amevunjika, amepoteza fahamu, amefungwa ndani bila chakula, ametishiwa kuuawa, ameitwa mchawi, au amenajisiwa. Hapo usiende kuzungumza na mzazi. Nenda moja kwa moja hospitali na polisi, siku hiyo hiyo.

6. Mtoto aliyenajisiwa afike kwa munganga kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora, kwani dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haifai tena baada ya hapo. Asiogeshwe kwanza, nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe katika mfuko wa karatasi. Hapa Bunia kuna Hospitali Kuu, na kuna kituo cha Karibuni wa Mama cha shirika la SOFEPADI, wanaojua kazi hii. Saa 72 zikiwa zimepita, mlete vivyo hivyo. Matibabu mengine bado yapo. Na wale wanaotaka kumaliza mambo kwa mbuzi wawili na kreti ya bia, wajue: tangu sheria za tarehe 20 Julai 2006, malipo ya namna hiyo hayaizimi kesi.

USIFANYE HAYA

— Usikusanye vijana kwenda kumpiga jirani. Ukifanya hivyo, mtenda kosa anakuwa wewe, na mtoto anabaki na hasira ya nyumba.

— Usimchukue mtoto ukamficha kwako bila kumwambia shefu wa kartie au polisi. Utaitwa mwizi wa watoto.

— Usieneze habari kisimani, kilabuni wala katika simu. Usipige picha ya mtoto uchi au mwenye vidonda ukaituma kwa watu. Uchi wake si habari ya soko.

— Usimtaje mtoto mbele ya mzazi: "Mtoto wako ameniambia." Sentensi hiyo moja inaweza kumgharimu maisha.

NENO KWA MWENYE MKONO MZITO

Huenda wewe unayesoma sasa ndiye jirani yule. Umetoka zamu ya usiku, masikio bado yanavuma, mshahara umekwisha kabla ya tarehe, na mtoto wa marehemu ndugu yako amemwaga unga. Mkono umeinuka. Ushushe. Toka nje, zunguka nyumba mara tatu, kunywa maji ya baridi. Mwite mama au jirani akae na mtoto. Ukiona hasira inarudi kila siku, au pombe ndiyo inayoinua mkono wako, njoo dispansari. Kuja kwetu kabla hujamwumiza mtoto si aibu. Tunatibu hayo vilevile, na hatuandiki jina lako ukutani. Lakini tukimkuta mtoto ameumizwa, hatutanyamaza. Anza leo, ungali na nafasi.

KWA KUMALIZA

Tusidanganyane: kusema kunaweza kukuletea maneno. Jirani anaweza kukununia miezi mingi, na huenda hutarudishiwa tena sufuria yako. Ukitazama vizuri hesabu hiyo, upande mmoja kuna sufuria, upande wa pili kuna mtoto. Na usifikiri kwamba anayenyamaza hajaamua kitu. Ameamua, na mtoto ndiye anayelipa.

Basi, ndugu mfanyakazi, mama wa nyumba: ukisikia mtoto analia namna isiyo ya kawaida, usiongeze sauti ya redio. Sikiliza. Kumbuka siku na saa. Muulize mama nyumbani naye amesikia nini. Na kesho asubuhi, kabla ya zamu, pita dispansari. Mlango wetu uko wazi kwa mtoto wa kila mtu.